Kiti Ndani ya Mto

Jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau. Kwenye boti ya wageni, gatini, hata nyumbani kwake aliitwa Maelezo. Kazi yake ilikuwa kusimama katikati ya boti ya viti ishirini na vinne, chini ya turubai, kipaza sauti mkononi, akiwaeleza wageni waliotoka mbali kila walichokiona kwenye kingo za mto, kuanzia gati la kwanza mpaka la tisa. Na alisimama katikati hasa, jaketi la kuokolea maisha limefungwa mikanda yote mitatu, kwa sababu mtu huyu, miaka kumi na tisa juu ya mto, aliogopa maji kama paka. Mguu wake haukuwahi kugusa mto ule. Kuoga kwake ilikuwa ndoo, tena nusu.

Shida ya mto ule, kwa mtu wa kazi kama yake, ni kwamba watu wake walikuwa wanaishi tu. Wanaume wanashona nyavu, wanawake wanasugua masufuria kwa mchanga, basi. Sasa mgeni amefunga safari kutoka kwao, anataka kujua mambo ya wenyeji, utamwambia nini? Kwamba yule mama anasugua sufuria kwa kuwa limeungua? Hapo ndipo Maelezo alipokuwa akitia chumvi. Akiona shati jekundu limeanikwa, anasema mwenye nyumba amesamehewa na mkewe. Akiona mitumbwi miwili imefungwa pamoja, anasema wenyewe ni ndugu waliokuwa hawasemezani. Wageni wanaandika. Mama mwenye boti, mwanamke wa maneno machache, alisikia yote kutoka kwenye usukani na hakuuliza kitu, maadamu viti vimejaa.

Siku moja, kwenye kona ya gati la saba, mgeni mmoja mwenye kofia pana akanyoosha kidole. Mzee alikuwa amekaa ndani ya mto, juu ya kiti cha mbao, amevaa koti, maji yamemfika magotini, anatazama mbele.

"Yule anafanya nini?"

Yule mzee alikuwa amevimba miguu, hakuna kingine. Daktari alimwambia ailoweke kwenye maji baridi, na beseni la nyumbani kwake lilikuwa limepasuka. Maelezo hakulijua hilo siku ile, ila ulimi wake haukuwa na desturi ya kusubiri.

"Binti yake anaolewa kesho," akasema kwenye kipaza sauti. "Huku kwetu, baba wa bibi harusi hukaa mtoni siku moja kabla ya ndoa, tangu asubuhi, mpaka wakwe waje kumwambia inatosha. Asipokaa, hakuna ndoa."

Wageni wakaguna kwa huruma. Mama mmoja akafuta machozi. Wiki haijaisha, mama mwenye boti akaandika kwenye ubao wa gatini kwamba Jumanne na Jumamosi wageni wataoneshwa baba wa bibi harusi akiwa mtoni. Akaenda kuzungumza na yule mzee, ambaye miguu ilishapona na ambaye hakuwa na binti hata mmoja, watoto wake wote walikuwa wanaume. Mzee akakubali, kwa sharti moja kwamba atafutiwe kiti chenye mgongo.

Mambo yakaenda hivyo miaka sita. Gati la nne likaona wivu, likaweka baba wawili. Gati la tano likaweka baba mwenye mwavuli. Kisha wazazi wenye mabinti wa kweli wakaanza kuona haya kuozesha bila kukaa, maana majirani walikuwa wanauliza. Fundi seremala akaanza kutengeneza viti vyenye miguu mirefu, akaongeza karakana. Maelezo alipopita na boti alishangaa kidogo, akaeleza, akaenda zake.

Sasa, Maelezo alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike, mkata tiketi kwenye dirisha la gati la kwanza. Kila asubuhi walitoka pamoja nyumbani na kufuata njia ya matete, baba akiongea mwanzo mpaka mwisho, binti akisikiliza na kucheka palipostahili. Hata mkewe alishachoka kumsikiliza tangu zamani, na hakuficha. Binti yule ndiye aliyekuwa masikio yake duniani. Akapendana na fundi wa injini za boti, kijana mtaratibu mwenye mikono iliyojaa grisi, kitinda mimba wa yule yule mzee wa gati la saba.

Wakwe walikuja Jumapili. Mke wa Maelezo akaondoa pasi na nguo kwenye kiti kizuri, akatandika vitambaa, akamkanyaga mumewe mguu kama onyo asiropoke. Mazungumzo yakaenda vizuri mpaka vikombe vikawa vitupu. Ndipo mzee wa gati la saba akakohoa.

"Limebaki moja dogo. Mzazi mwenzangu atakaa lini?"

"Nitakaa wapi?"

"Mtoni. Sisi tutakufundisha nini, na wewe ndiye unayeijua mila hii kuliko sote?"

Mke wa Maelezo akatazama dari. Midomo ilikuwa inamcheza kwa kicheko alichokizuia. Maelezo akaona hapa hakuna pa kukimbilia, bora aseme kweli.

"Mzee wangu, nisamehe. Ile mila niliitunga mimi. Siku ile wewe ulikuwa umevimba miguu tu."

"Nilikuwa nimevimba miguu, sikatai," mzee akasema kwa upole. "Lakini baba yangu alikaa siku ya kumwozesha dada yangu. Namkumbuka vizuri. Alivaa koti hili hili."

"Haikuwepo, mzee. Naapa."

Mzee akaweka kikombe chini. "Mzazi mwenzangu, kama humtaki mwanangu, sema humtaki. Usimtukane marehemu baba yangu."

Wakaaga kwa adabu, uso wa mzee umemshuka. Habari ikawa ndiyo hiyo, baba asipokaa, wao hawaji kumchukua bibi harusi, na harusi ilikuwa imebakiza siku tisa.

"Wageni wa dunia nzima wanakuamini," mkewe akasema, "leo umesema kweli mara moja, umetuvunjia harusi."

Binti alikuwa anaosha vikombe uani. Hakugeuka. "Baba, sikulazimishi. Tunaweza kufunga ndoa ofisini kwa msajili, na mashahidi wawili." Aliyasema vizuri, lakini kikombe kimoja alikisugua muda mrefu mno, na Maelezo moyo ukamuuma. Alijua mtoto wake alitaka kupokelewa kwa wakwe kwa moyo mweupe, si kuingia kama mtu aliyepitia dirishani.

Akahangaika. Akamfuata seremala amsaidie kushuhudia kwamba mila haipo. Seremala akamwonesha viti kumi na vinne ukutani. "Kama haipo, hivi natengenezea nini?" Akaenda kwa mama mwenye boti. "Ukitangaza uliitunga," akajibiwa, "utanifungia boti. Kaa tu, baba, watu wanakaa."

Basi akaanza mazoezi. Aliweka stuli ndani ya beseni uani, akamimina maji mpaka kwenye vifundo vya miguu, akakaa amefumba macho. Mkewe alipita na nguo za kuanika.

"Hapo ndipo penye kina kirefu?" akauliza.

Siku ya kukaa ikafika. Wazee watatu wa gati la saba walibeba kiti, wakakisimika kwenye mchanga pale pale konani. Maelezo alikuja amevaa koti, na juu ya koti, jaketi la kuokolea, mikanda mitatu. Wazee wakatazamana. Mila inaruhusu? Wakabishana, kisha, kwa kuwa ni watu wa haki, wakamgeukia mjuzi mwenyewe wamuulize.

"Inaruhusu," Maelezo akasema. "Tangu zamani."

Wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akasema hata babu yake alikuwa nalo.

Akaingia. Maji yalipogusa magoti alimkamata mzee wa gati la saba mkono kwa nguvu, mzee akaguna, akajikaza asimwaibishe. Saa ya kwanza Maelezo hakupumua vizuri. Visamaki vilikuja kumdonoa vidole na kila kimoja akakidhania mamba. Saa ya pili aligundua kwamba mto haumtaki kwa lolote, unapita tu kwenda kwenye shughuli zake. Akalegea mabega. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amekaa mahali ambapo hakuna wa kuzungumza naye, na mawazo yote aliyokuwa akiyafukuza kwa maneno yakamkuta pale pale kitini. Kesho ni harusi, na kesho kutwa angetoka nyumbani asubuhi peke yake. Na siku ya pili yake. Njia ya matete ilikuwa ya mwendo wa robo saa, na hakuweza kufikiria angeipitaje.

Saa nne boti ikapita, imejaa. Mama mwenye boti alikuwa ameshika kipaza sauti mwenyewe.

"Yule ni baba," akawaeleza wageni. Akafikiri. "Amekaa."

Maelezo hakuvumilia. "Waambie ni mtoto mmoja," akapaza sauti kutoka kitini. "Waambie sina mwingine."

Wageni wakaandika.

Jua lilipofika utosini, wakwe wakashuka ukingoni na nguo zao za heshima. Mzee wa gati la saba akatabasamu kama mtu aliyefuta kinyongo. "Inatosha, mzazi mwenzangu. Mwanetu tumempokea kwa mikono miwili. Toka."

Maelezo hakutoka.

Wakangoja. Mzee akarudia kwa sauti zaidi, akidhani maji yameziba masikio. Maelezo akabaki ametazama mbele. Wazee wakaanza kunong'onezana, kwa sababu jambo la baba kukataa kutoka lilikuwa halijawahi kuelezwa.

Binti akavua viatu, akakunja gauni, akaingia majini mpaka kwenye kiti.

"Baba, wamesema inatosha."

"Nimesikia."

"Miguu imekufa ganzi?"

"Hapana."

"Bado unaogopa maji?"

"Maji hayana neno," Maelezo akasema. "Nikitoka, utaondoka."

Binti aliitazama ile mikanda mitatu, akamwekea mkono begani.

"Hata usipotoka nitaondoka, baba."

"Najua," akasema. "Niache nikae kidogo."

Binti akabaki amesimama pale kando ya kiti, maji magotini, na wakwe wakakaa chini kwenye majani kusubiri.