Bwana Harusi wa Maboga ya Bibi

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, pale Ng'ambo ya Tabora, enzi za Mwingereza, hakuna aliyethubutu kunyooshea boga changa kidole. Ukitaka kulionyesha ulikunja ngumi, au ulielekeza kwa kidevu. Ukisahau, boga linanyauka na kudondoka. Mwiko wa pili ulikuwa mkali zaidi: mwanamke ambaye hajazaa asikanyage bustani maboga yakiwa katika maua.

Huo ndio uliomkamata mama mdogo Nyamizi, mke wa baba yangu mdogo. Alikuwa ameolewa kutoka Isikizya, mvua zimekuja na kwenda, na tumbo lake bado bapa kama ungo. Kisimani wanawake walimtazama tumbo kwanza, uso baadaye. Najua, maana nilikuwepo, na masikio yangu tangu utotoni hayajawahi kulala njaa.

Wala si kwamba mkono wake ulikuwa mbaya. Nyamizi akikata mti wa muhogo akauchomeka, hata kwenye kokoto, unachipua. Marando ya viazi akiyafukia leo, keshokutwa yanakusalimia. Bibi, mkwewe, alikiri hayo yote, lakini hayakumpunguzia kitu.

"Muhogo hauna mume," alisema. "Unaukata, unauchomeka, unajizaa wenyewe. Mchungu unatoa mchungu, mtamu unatoa mtamu. Hata huyu mke mwenzangu ataotesha." Mke mwenza ndiye mimi, mjukuu wake. "Boga ni mambo ya ndoa."

Mwaka ule wageni wa bibi walitoka Nzega kuja msibani, msiba ukaisha, wao wakanogewa. Kila asubuhi nilitumwa kuchuma maua ya maboga tuyapike kwa karanga za kutwanga. Utaratibu niliujua: unachuma yale yaliyosimama juu ya kikonyo kirefu chembamba, unayaacha yale yenye kitumbo chini yake, maana hicho kitumbo ndicho boga lenyewe. Lakini wageni wale walikuwa walaji. Nilichuma mpaka vikonyo vikabaki uchi.

Baadaye maboga machanga yakaanza kugeuka manjano, yakadondoka, moja leo, mengine kesho. Bibi alizunguka bustani akiguna. Jioni, tukiwa tunakula, akamwambia baba mdogo bila kuinua macho, "Nimewapelekea habari Isikizya. Waje wamchukue binti yao."

Baba mdogo alichovya tonge, akachovya tena, kana kwamba jibu lilikuwa limezama kwenye mchuzi.

Nyamizi alikuwa mlangoni na maji ya kunawa. Akaweka chombo chini, akapiga magoti.

"Mama, naomba niseme."

"Sema."

"Bustanini sijaingia. Nimechungulia tu juu ya wigo."

"Macho nayo hukanyaga!"

"Ndiyo, mama. Lakini nimeona maua yenye kitumbo yamebaki peke yake. Yale ya kikonyo hakuna hata moja. Mama, wanaume wote mmewala kwa karanga."

Mgeni mmoja, bibi kizee wa Nzega, alicheka mpaka akapaliwa, tukampiga mgongoni. Bibi yangu hakucheka. Alitafuna kitu ambacho hakikuwepo kinywani, halafu akauliza, "Kwenu mkipatwa na haya mnafanyaje?"

"Tunaazima, mama."

Kesho yake alfajiri, kabla jua halijayafumba maua, bibi akatuchukua mimi na Nyamizi mpaka kwa Bi Mwanaidi, jirani wa ng'ambo ya njia. Bi Mwanaidi alikuwa Mmanyema. Bibi yake alifika Tabora na msafara, mbegu za maboga amezifunga kwenye pindo la nguo, na mpaka siku zile maboga yake yalikuwa ya mistari, meupe kwa kijani. Ya kwetu yalikuwa kijani kitupu.

"Hodi! Tumekuja kuposa," bibi alisema, sauti ya mshenga kabisa.

"Karibuni. Lakini mimi nina binti gani wa kuposwa?"

"Mabinti tunao wenyewe. Tunatafuta mume."

"Makubwa! Na meno hayo yaliyobaki?"

"Si wangu, mpumbavu wewe. Wa maboga!"

Bi Mwanaidi alishika ukuta kwa kucheka. "Na mahari je?"

"Boga la kwanza. Na ufunge mdomo wako."

"Boga nitapokea. Hilo la mdomo siahidi."

Tuliyabeba maua ya kikonyo kwenye ungo, tumeyafunika kanga kama bwana harusi anayeogopa husuda. Tulipofika kwenye bustani yetu, Nyamizi akasimama nje. Miguu yake ilijua mpaka. Bibi naye akasimama. Mtu aliyeulinda mwiko ule tangu usichana wake, akautazama ungo, akamtazama mkwewe.

"Ingia," akasema. "Mgongo wangu hauinami, na huyu mke mwenzangu ana mikono ya kuku."

Nyamizi akaingia kama anayekanyaga mayai. Alichukua ua, akalivua mavazi yake ya manjano, kikabaki kile kidole cha katikati chenye unga. Akakipapasa ndani ya ua lenye kitumbo, taratibu, kisha jingine, na jingine. Bibi alikuwa nyuma yake akinong'ona dua, maana ndoa bila dua aliihesabu uhuni.

Maboga yakashika. (Nilipopelekwa shule, mwalimu alichora ua ubaoni akatuambia lina dume na jike, nikaangua kicheko, akanichapa. Ningemwelezaje kuwa harusi yenyewe nilihudhuria?)

Bibi alipeleka habari nyingine Isikizya: msije. Kisha akamshika baba mdogo mkono, mtu mzima na kofia yake, akampeleka kwa mganga wa Isevya. Ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia mwanamume akinyweshwa dawa ile chungu ya uzazi. "Na kikonyo nacho kichunguzwe," bibi alisema, na baba mdogo akavuta kofia mpaka puani.

Kabla mvua zilizofuata hazijakatika, Nyamizi alijifungua mtoto wa kiume. Masikio yake yalisimama mbele kama milango iliyoachwa wazi. Kwetu sisi masikio yote yamelala kichwani. Kisimani wakasema waliyosema. Na msimu huohuo, mbegu tulizoweka kutoka maboga ya harusi ile zikatoa maboga ya mistari.

"Wajukuu zangu hao!" Bi Mwanaidi alipiga kelele kutoka njiani, ndoo kichwani, wenzake wa kisimani nyuma yake.

Bibi alikuwa katikati ya bustani, yule mtoto mgongoni.

"Wamezaliwa kwangu," akajibu. "Ni wangu."

Wale wanawake walipita kimya mpaka wakaishia kwenye kona. Sijawahi kuwaona kimya namna ile, si kabla, si baadaye.

Labda ilikuwa dawa ya Isevya. Labda. Miaka mingi baadaye Nyamizi mwenyewe akiwa bibi wa watu, tumekaa tunachambua mboga, ulimi ulinishinda nikamuuliza waziwazi masikio yale yalitoka wapi. Hakukasirika. Aliendelea kuchambua.

"Aliyekuwa na haki ya kuniuliza hakuniuliza," alisema. "Wewe ndiye uniulize?"

Nimelifikiria sana jibu lile. Bibi yangu hakuacha miiko yake mpaka anaingia kaburini, na wala hakuwa mtu mpole. Lakini alikuwa karibu kumrudisha binti wa watu kwao kwa kosa la maua tuliyokula sisi, akaliona kosa hilo likiwa bado mezani, na tangu siku ile akachagua ni mambo gani asiyaulize. Mimi nimeuliza mambo ya watu wengi, na nitaendelea mpaka nizikwe. Lile la Nyamizi nimeliacha lilale.