Masika wa Taya

Nimetangaza misiba ya watu wengi hapa Bwera mpakani, lakini wa kwangu niliusikia nikiwa nimelala kitandani na njaa. Naona aibu hata kuanza, ila nyie ni watu wangu, na isitoshe nusu ya soko walikuwepo, sasa nitamficha nani.

Kwa asiyenijua, kazi yangu ni kuongea kwenye kizindalo, zile spika pana zilizofungwa juu ya mlingoti pale sokoni. Humo natangaza mbuzi waliopotea, mikutano ya wazazi, dawa ya kunguni, na zaidi ya yote misiba. Sasa kwetu Wakonzo mtoto wa kike wa kwanza ni Masika, kama mimi, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, kila nyumba hivyohivyo, kwa hiyo ukisema tu kwamba Masika amefariki, mtaa mzima utalia bure. Lazima umtaje marehemu kwa alama, na mimi nilikuwa bingwa wa alama. Baluku wa mguu mfupi. Mbambu wa jicho. Biira mwenye kipara (mwanamke, ndiyo, na nilisema hewani mara tatu). Sikuwahi kujiuliza wenye msiba walisikiaje, watu walielewa, nikaenda kunywa chai.

Alama yangu mimi mnaiona wenyewe. Taya la chini limetangulia mbele, la juu linafuata kwa unyonge, na nikiingia mlangoni kidevu kinawasalimia kwanza. Hayo ya kuchekwa nimeyazoea. Shida ni kwamba meno ya mbele hayakutani, chapati siwezi kuikata, nyama naimeza nzimanzima, na ikifika jioni taya linalia ko-ko karibu na sikio mpaka kichwa kinagonga. Daktari wa meno mjini Kasese akanipiga picha, akatikisa kichwa, akanituma Kampala kwa madaktari wa mifupa ya uso.

Wa Kampala alikuwa mkweli, na ukweli wake ulininyima usingizi. Alisema waya wa meno peke yake utapanga meno lakini mfupa hautasogea. Nikitaka mfupa usogee, nivae waya mwaka na zaidi, kisha wanilaze, wakate taya la chini, walirudishe nyuma, walikaze kwa skrubu, halafu mdomo ufungwe kama wiki sita, chakula changu uji wa mrija. Mdomo wa chini unaweza kufa ganzi kwa miezi, na kwa wengine ganzi haiishi yote. Au nibaki nilivyo, nisife, ila niendelee kumeza nyama kama mbwa. Kulikuwa na nafasi moja kwenye orodha ya wapasuaji wao wageni, akataka jibu kabla ya saa kumi ya Ijumaa.

Nikaanza kupima. Upande huu kutafuna, kulala bila kichwa kuuma. Upande ule mdomo wenye ganzi, na mtangazaji mwenye ganzi mdomoni ni nini, si ni redio mbovu. Na kulikuwa na mama yangu, yuko Munkunyu, dada yake alilazwa usingizi wa hospitali hakuamka, kwa hiyo mama anaamini mlango ule ni wa kuingilia tu. Sikumwambia kitu. Sikumwambia mtu yeyote.

Ijumaa asubuhi nikapata akili yangu ndogo: kabla ya kukubali wiki sita, si nijaribu siku moja? (Hapo ndipo mkasa ulipozaliwa.) Nikamwambia Kule, mwenye kizindalo, kwamba jino linaniuma, atangaze mwenyewe ingawa ni siku ya soko. Nikanywa uji kwa mrija. Nikachukua kitambaa cha kichwa, nikakipitisha chini ya kidevu, nikakikaza juu ya utosi mafundo mawili ili nisijidanganye. Joto lilikuwa kali, nzi wakanisumbua, nikajilaza chali, mikono kifuani, nikajifunika shuka jeupe mpaka shingoni. Njaa ikanipeleka usingizini.

Nyie wote mmewahi kumwandaa marehemu. Mnajua taya la marehemu hufungwa vipi. Mimi pia najua, nimesaidia mara nyingi, lakini siku hiyo akili yangu ilikuwa kwenye uji.

Nilizinduka kwa sauti ya mlango. Ni Mama Kahindo, jirani yangu wa kutoka Butembo, muuza vitenge, amekuja kurudisha sufuria. Ningekaa kitako tu, mambo yangeisha. Lakini nikawaza: akiniona nimejifunga hivi ataniuliza, nikimweleza, kabla ya saa sita Bwera yote na Kasindi ng'ambo ya mpaka watajua nataka kukatwa taya, na Munkunyu si mbali. Nikafumba macho nikabana pumzi, nikisema moyoni atadhani nimelala, ataondoka.

Sufuria ikaanguka. “Yesu wangu,” akasema kwa sauti ndogo. “Alishakufa. Hata mudomo bashamufunga.”

Akatoka mbio akilia, na kilio cha Mama Kahindo mnakijua, kinavuka mpaka bila karatasi. Nikaruka kupambana na fundo. Jasho lilikuwa limelikaza, kucha zikateleza, mkasi sikuuona. Nikasikia nyayo zinarudi, za watu kadhaa, na badala ya kusimama katikati ya chumba nionekane hai, mimi, mwanamke mzima mwenye cheti cha sekondari, nilirudi kitandani nikajifunika.

Aibu hukufanya mjinga, lakini mimi nilikuwa nimetangulia.

Wakaingia watatu, mmoja akachungulia tu, akakimbilia kwa Kule. Simu yangu mezani ikalia, kioo kimeandika Daktari Kampala, Mama Kahindo akaipokea kwa heshima zote za msiba. “Allo, docteur? Ile mugonjwa yenu ya Kampala alishakufa. Merci.” Akakata. Nafasi yangu ikaenda hivyo, kwa maneno machache na shukrani. Kisha muuza nyanya, ambaye nimemtafutia kuku wake hewani bila malipo, akasogea, akanitazama kwa muda mrefu, akaguna.

“Maskini,” akasema. “Hata kufa hakujalirudisha nyuma.”

Nikavumilia. Naapa nilivumilia hata hilo. Lakini kizindalo kikakohoa nje, nikasikia sauti ya Kule inasambaa juu ya mabati yote ya Bwera. “Tangazo ya huzuni. Masika amekufa. Masika wa hapa.” Kimya kidogo, watu chini ya mlingoti wanamuuliza kitu. “Masika gani? Ile ya taya. Taya refu. Jino ndiyo imemuua.” Akarudia. Mara tatu, kama nilivyomfundisha mwenyewe.

Mwosha huoshwa. Nilijua methali hiyo tangu shule, sikujua inauma hivyo. Kipara cha Biira kikanijia palepale, na binti zake waliokuwa wamekaa kando ya mlingoti siku ile wakitazama chini. Halafu nikamkumbuka mama. Nikakaa kitako.

Muuza nyanya alitorokea dirishani, na ni mama mnene, sijui alipitaje. Mama Kahindo alikaa chini na kushika rozari. Mimi sikuwa na nafasi ya kueleza, nilikuwa na mdomo uliofungwa na mama mgonjwa wa presha huko Munkunyu, kwa hiyo nikakimbia kumzuia Kule, peku, shuka jeupe mabegani, kitambaa kimesimama utosini kama masikio ya sungura, katikati ya soko la Ijumaa. Njia ilifunguka yenyewe. Wauza samaki waliacha samaki. Kijana wa bodaboda aliacha pikipiki ikiunguruma na abiria juu yake. Askari mmoja akapaza sauti, “Simama hapo, toa mikono,” kisha akanitazama vizuri, akaamua hakuna sheria ya jambo hili, akarudi nyuma.

Kule aliniona kwenye dirisha la kibanda chake cha kutangazia, akafunga mlango kwa komeo, na hakuzima kipaza sauti. Nikagonga nikiguna, ndiyo sauti pekee niliyokuwa nayo. Bwera yote ikamsikia analia hewani: “Masika, samehe mimi. Ni mimi ndiyo nilianza kuita wewe Taya. Ni mimi naigaga vile unaongea, watu wanacheka. Enda salama, mama. Sitarudia.”

Muuza visu ndiye aliyenikatia kitambaa, kwa mkono mrefu, amegeuza uso pembeni.

Mama alifika saa nane kwa pikipiki, maana mtu alikuwa ameshampigia. Kanga imevurugika, kiatu kimoja. Mama yangu ana taya hilihili, nimelitoa kwake. Akanishika uso kwa mikono miwili, akaupapasa, akanipiga kofi moja la nguvu, kisha akanikumbatia na tukalia wote wawili mbele ya watu. Niliumia. Nilitaka kumkinga na hofu yake, nikaishia kumletea yenyewe nzima.

Nikamweleza yote, kukatwa, skrubu, ganzi, usingizi. Akavua kile kiatu kimoja. Kisha akasema kwa Kikonzo, na sitasahau: “Mimi nimemeza nyama miaka sitini nikidhani wote wanaumwa hivi. Nenda wakutengeneze. Lakini ukilala hivyo tena bila kuniambia, nitakuzika kweli.”

Saa tisa na nusu nikapiga Kampala. Karani akaniambia kwa upole kwamba mgonjwa huyo wamemwandika marehemu. Nikamwambia marehemu ndiye anayeongea, na kwamba anakubali. Aliniuliza maswali mengi, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, jino gani lilitoboka, ndipo akanirudisha duniani.

Ilibaki kuwaambia watu. Nikapanda kwenye kile kibanda, mama kando yangu, Kule kasimama mbali. Nikasema Masika aliyetangazwa leo hajafa. Chini wakauliza Masika gani. Nikasema Masika mtangazaji. Wakasema anayetangaza leo ni Kule. Nikasema Masika binti wa Kabugho wa Munkunyu, wakauliza Kabugho gani. Mama akanitazama.

“Masika wa taya,” nikasema.

Soko lote likaitikia “aaa”, wakarudi kununua samaki.

Tangu siku hiyo sitangazi mtu kwa kasoro yake. Namtaja kwa mumewe, shamba lake, kanisa lake, tangazo linachukua robo saa na Kule ananung'unika, anung'unike tu. Kwa marehemu Biira nilikwenda nyumbani kuomba radhi, binti zake wakanipa kiti, chai hawakunipa, na sikuidai. Kitambaa kwangu ni cha kichwani, basi. Waya nimeshavaa, mnauona, na siku ya kukatwa ikifika nitaogopa sana, siwadanganyi, lakini nitakwenda na mama.

Nilikuwa nadhani angalau jina litanitoka. Juzi nikamuuliza Mama Kahindo wataniita nani taya likisharudi. Akafikiri kwa makini, vitenge mkononi.

“Bakimaliza kukupasua,” akasema, “tutakuita Masika mwenye alikuwaka na taya.”