Mashine Moja ya Kiwanjani

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile ya kiangazi, vumbi limeufunika mji wote wa Isiolo hata nyumba zikaonekana kama zinaelea. Nilikuwa msichana mwenye cheti kipya cha kompyuta na kichwa kikubwa kuliko cheti chenyewe. Chumbani kwangu, mtaa wa Kiwanjani, nilikuwa na mashine moja, kompyuta. Wafugaji waliiuliza kwa ujumbe wa simu maji yako wapi, nayo ikawajibu. Nilipoijaribu na watu wachache ilijibu papo hapo, nikavimba kichwa zaidi.

Kisha ukame ukakaza, wakauliza wote kwa pamoja. Mashine ikaelemewa. Nikaleta kubwa zaidi, nayo ikaelemewa. Halima, mjane wa kijiji cha Kipsing, alipata jibu lake siku mbili baadaye. Akaswaga mbuzi wake hadi kwenye bwawa lililokauka jana yake. Wengi walifia njiani, wakabaki wanne tu. Aibu ile naisikia hadi leo.

Mzee Guyo, msimamizi wa zamu za kunywesha mifugo kisimani, hakunigombeza. Alinikalisha tu pale kisimani kutwa nzima. Kengele za ngamia zilinibembeleza, nikawa kati ya kulala na kuamka. Mifugo ilikuwa mingi ajabu, lakini haikusukumana. Mabirika ya kunyweshea yalikuwa mengi, madogo madogo, kila kundi na lake na zamu yake. Moja likapasuka, kundi lake likahamia la jirani, kimya kimya.

"Wewe msichana," mzee akasema, "watu iko wengi, na wewe unaongeza tu ukubwa ya birika moja. Kwa nini?"

Nikayaiga mabirika yale. Nikaweka mashine ndogo Kipsing, Chechelesi na kwingineko, kila moja ikiwajibu walio karibu nayo, zote zikipashana habari. Moja ikizimika, jirani yake inapokea kazi. Halima alipouliza tena, jibu lilifika kabla hajarudisha simu kwenye mkoba. Jioni akaniandikia: "Wale wanne wamebaki, leo wamekunywa." Nililia, wala sioni haya kusema.

Basi, mwanangu, usijivunie kitu kwa kuwa kimewatosha kumi. Fikiria siku watakayokuja wote, ugawe kazi kabla hawajafika, na usiache uhai wa watu utegemee mashine moja. Mungu akubariki mikono. Anayekuuliza akiwa na kiu, jibu lako limkute maji yangalipo.