Mbwa wa Mamluki

Juzi, mjini Mutsamudu, daktari wa mifugo alimpapasa mbwa jike aliyevimba tumbo, akasema kizazi kimejaa usaha. Nikaikumbuka harufu ya mbwa mwingine wa zamani, tamu kama tunda lililooza.

Mchana mmoja utotoni mwangu, mjini Moroni, mamluki wa Kizungu aliyeogopwa na mtaa mzima alikuja kumwita mama, aliyekuwa mkunga. Mbwa wake alikuwa na tumbo kubwa, akinywa maji bila kukoma. Nami, nikidhani ana mimba, nilishawatandikia watoto wake matambara kikapuni.

Mama alimpapasa. "Hamna mtoto humu, bwana. Ni ugonjwa."

Niliamini anadanganya, ili nisilete mbwa nyumbani. Aliosha mikono mara saba, ya kwanza kwa udongo, kama dini yetu inavyoagiza kujitakasa na najisi ya mbwa. Alipomaliza, tulimsikia mamluki akilia. Mama aliitazama mikono yake safi, akarudi kumshika mbwa mpaka alipokata roho. Kisha akachota udongo tena.