Roketi Sita za Benedikto

Benedikto, mchomeleaji wa karakana moja ya Chang'ombe, hakuwa mwoga wa moto. Alichoogopa, jamani, ni watu. Mwaka ule wa sabini na mbili, kuitwa mhujumu kulimtoa mtu kazini kabla hajajitetea, na yeye alikuwa na siri tumboni.

Karakana ilikuwa imetengeneza roketi sita ndogo, za kupasua mawingu ya mvua ya mawe inayoharibu chai kule nyanda za juu. Mhandisi Gozbert alipeleka hesabu zake kwenye kompyuta mjini, ikajibu kwamba mabomba ya chuma ya roketi yatahimili moto. "Basi, kuzijaribu chini kwanza ni kuchezea baruti bure," akasema. Lakini kompyuta, masikini, ilipewa mabomba ya kwenye karatasi. Haikuambiwa kwamba vijiti vya kuchomelea vililoa mvua stoo, vikavu havikuwepo, na Benedikto akaunga roketi mbili kwa vijiti hivyo hivyo visivyoshika vizuri, akasawazisha viungo kwa tupa, akapaka rangi mpaka zikafanana na nyingine. Sasa hata yeye mwenyewe hakujua ni zipi.

Wakaenda kuzirusha pori la Bunju. Wa kuwasha alikuwa Fransis, mdogo wa mkewe. Benedikto alipomwona anainama na kiberiti, siri ikamtoka mbele ya watu wote.

"Siku zote hizo ulikuwa wapi?" Mhandisi akafoka.

"Niliogopa, ndugu mhandisi."

Ikabidi roketi moja ifungwe chini kwa minyororo, wao wakajificha nyuma ya viroba vya mchanga. Ikaungua vizuri mpaka mwisho. Mhandisi akapiga makofi.

"Si mnaona? Kompyuta ilisema! Fransis, endelea."

"Ile imeshaungua," Benedikto akasema. "Mie naziogopa hizi tano. Shemeji, lete kiberiti."

"Lakini hii ni kazi yangu, shemeji."

"Na kuunga ilikuwa yangu. Hebu toka hapo!"

Fransis akarudi nyuma ya viroba. Mhandisi alishatangulia zamani, tena amelala kifudifudi. Benedikto akawasha ya kwanza, ikaruka. Ya pili ikaruka. Hofu haikupungua hata chembe, ilizidi. Ya tatu ikapasuka.

Aliyemfikia kwanza ni Fransis, akamwinua kutoka kwenye moshi. Benedikto alikuwa amepoteza vidole viwili. Akaishika mikono ya shemeji yake, akahesabu vidole vyote kumi, ndipo akaanza kulia.