Chumba Kisichovuja

Mimi nimejenga mabirika ya maji ya mvua tangu sina ndevu, na shule niliiona mlango tu. Binti yangu aliporudi kwetu Wiyoni akaniambia atajenga mfumo endeshi, ile programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuitumikisha, tena aanzie kwenye msimbo wake mtupu, neno moja tu nililielewa: kujenga.

"Wajengea wapi?"

"Ndani ya kompyuta yako, Baba."

"Humo hakujengwi."

Kompyuta ile ndiyo yenye sauti ya marehemu mama yake, akiwaimbisha wanawake harusini. Hatuna nakala nyingine, flashi ya akiba ililiwa na chumvi. Ikifutika, tumemzika mara ya pili.

Akasema atatenga chumba humo humo: sehemu yake ya diski, vyombo vyake, na mtumiaji asiye na amri nje ya hapo. Kitakachovunjika kitavunjikia ndani. Maneno matamu. Hata vibarua wanaoniomba kazi wanayo. Mimi birika jipya siliungi na la zamani mpaka nilijaze peke yake nione kama linavuja.

"Ingia chumbani mwako," nikamwambia, "kisha unitafutie mama yako."

Akacheka, akaandika amri zake, akabonyeza. Mara vigoma vikalia na sauti ikapaa: "Nyinyi wa nyuma, mwaimba au mwatafuna?"

Humo hakutakiwa kusikika kabisa.

"Kinavuja," nikasema.

"Kinavuja, Baba." Alikuwa ameiunga folda yangu na chumba chake ili achukue mafaili fulani, akasahau kuitenga. Angekisafisha chumba hivyo, angemfuta na mama yake.

"Ungekuwa kibarua wangu, ungelala na njaa."

"Na wewe ungekuwa mwalimu wangu, ningetoroka shule. Kama wewe."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Ulimi huo hakuutoa kwangu.

Akaitenga folda. "Haya, mtafute tena," nikamwambia. Akamtafuta. Kompyuta ikamjibu kwa maandishi kwamba hakuna kitu kama hicho. Alhamdulillahi, sijawahi kufurahi hivyo kwa kumkosa mke wangu.

"Sasa futa kila kilichomo chumbani."

"Baba! Kazi yangu yote ya asubuhi?"

"Birika huoshwa kabla ya kunywewa. Futa."

Akafuta. Mikono yangu mimi niliikalia. Chumba kikabaki kitupu. Akatoka humo, akafungua folda yangu polepole, kama mtu anayefunua sufuria ya mwenzake.

"Nyinyi wa nyuma, mwaimba au mwatafuna?"

Akapiga kigelegele peke yake mle sebuleni. Akaanza kukitayarisha chumba upya, akininung'unikia, chombo kimoja kimoja, mpaka feni ya kompyuta ikavuma na ujenzi wenyewe ukaanza. Akanyoosha mkono auzime ule wimbo ili atulize akili.

"Wacha," nikamwambia. "Wewe jenga huko ndani. Huku nje ongeza sauti."