Pweza wa Watu Kumi na Mmoja

Kitabu cha mchezo kinasema wachezaji wanne, wakizidi sana watano. Aliyekiandika hajawahi kualika watu Chake Chake. Mimi nilialika wanne. Mmoja akaja na binamu yake, binamu akaja na jirani, na mwalimu mstaafu aliyenifundisha hesabu alipita kunisalimia tu, akavua viatu. Nilipokuja kuhesabu, mkekani palikuwa na watu kumi na mmoja.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe ni wa kusimuliana. Kila mtu ana mhusika wake: mpiga upinde, mganga, mwizi mwenye moyo mzuri. Mimi ni msimulizi, kazi yangu kuwatilia majitu njiani. Dadu ya pande ishirini ndiyo inayoamua nani kapiga na nani kakosa: namba kubwa, umepiga.

Majitu yangu hayakudumu. Moja la magamba, nililolitunga wiki nzima, walilishukia kwa zamu likafa kabla halijafumbua mdomo.

"Maskini," alisema mwalimu, "hata salamu halikutoa."

Aliyeumia zaidi ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Ni muuguzi; hutoka zamu akachelewa, hukaa mlangoni, na zamu yake ya mchezo huwa ya mwisho. Mhusika wake alikuwa shujaa wa ngao, na ngao ile haijawahi kupigwa hata kofi.

"Shemeji, mie naja hapa kufagia maiti?" aliniuliza.

Mimi mwenye digrii nikapata jawabu la kisomi: nikalizidishia jitu lililofuata uhai, yaani mapigo ya kulimaliza, mara tatu. Vita vikajiburura alasiri nzima. Mvua ilinyesha, mmoja wetu akaenda kwao kuanua karafuu, akarudi, akakuta zamu yake bado.

Kisha shemeji akahamishiwa Unguja. Safari Jumapili asubuhi. Jumamosi ndiyo ya kuagana.

"Nipe pigano moja nipigane kweli," alisema. "Hata nikifa."

Jumamosi hiyo nilikuwa na jitu jingine kubwa mfukoni, na hofu kubwa kuliko jitu. Mke wangu akaleta chakula kwanza: masinia matatu ya wali na pweza. Hakuna aliyepanga, lakini kufumba na kufumbua watu walikwisha kugawanyika, kila kundi na sinia lake, kila mkono upande wake. Nilikuwa na tonge mdomoni. Nikaliacha humo humo, nikamtazama yule pweza.

"Jitu la leo ni pweza," nikasema. "Kila mkono una uhai wake na zamu yake. Kila sinia lina mikono yake ya kupigana nayo. Sinia moja likishambulia, mkono mmoja unajibu. Masinia yasiondoshwe."

"Na kuosha nitaosha lini?" aliuliza mke wangu. Hakuna aliyemsikia.

Sijapata kuona mkeka ule ukichemka vile. Hapakuwa na muda wa kungojea: sinia hili likipiga, mkono wa pili unamnyakua mtu wa sinia lile. Mwalimu alizamishwa, akavutwa juu na binamu, akazamishwa tena, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Shemeji aliiweka ngao mbele ya sinia lake zima, akapigwa mara hii na mara ile, na macho yakimng'aa. Mikono ikakatika mmoja mmoja. Kikabaki kichwa, uhai kidogo tu, pigo la yeyote linatosha.

Hapo ndipo hesabu zangu zilipokwama.

"Malizia wewe, Mwalimu," alisema yule aliyemleta binamu.

"La, yakhe, mpe mgeni wako."

"Mie nshapiga sana, apige jirani," akasema binamu.

Lilikuwa lile lile la kwenye sinia: kipande cha mwisho hakina mwenyewe. Kila mmoja anakisogeza kwa mwenzake. Zamu zikapita bure, na magharibi inakaribia. Pweza wangu hakulelewa Pemba; adabu hizo hana. Nikasimulia kwamba alijitutumua, akamkumbatia shujaa wa ngao, akaanza kuzama naye.

"Mumeona?" shemeji aliwageukia. "Nyinyi mtaniua kwa adabu zenu."

Uhai wake ulikuwa umebaki wa pigo moja, kama wa pweza. Akikosa, amekufa yeye. Akaitikisa dadu kwa mikono miwili, akairusha. Ikagonga ukingo wa sinia, ikazunguka kwenye punje za wali, ikatulia. Vichwa vyote vikainama pamoja, vikagongana.

Kumi na saba.

"Kafa?" aliuliza, pumzi juu.

"Kafa."

Adhana ikaanza, watu wakainuka kutafuta viatu. Kwenye sinia lake kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha pweza, kimepoa, kila mtu amekistahi tangu mchana. Shemeji alikitazama, akatutazama, akakitia mdomoni.